Dakika Kumi na Nne Kupanda Kilima

Miaka miwili mfululizo Mwalimu Vaosa aliiruka sura ya mawimbi. Darasa la nane likimaliza matumbawe, aliwapeleka moja kwa moja kwenye mawe ya volkano, na hakuna aliyemuuliza. Kijiji kizima kilijua kwamba tsunami ilimchukua mumewe, Elekana, pamoja na mama mkwe wake, Sulia, siku ambayo yeye alikuwa kwenye semina mjini Apia. Mwaka wa tatu mtihani wa wilaya uliuliza kuhusu tsunami, na wanafunzi wake wote wakaacha nafasi tupu. Basi akaifundisha.

Ilikuwa rahisi kuliko alivyodhani. Alijaza maji kwenye karai la kuoshea samaki, akainua upande mmoja, akaushusha. Maji yakajivuta, kisha yakarudi na kumwagika mezani. Aliwaambia kwamba bahari ikiacha mwamba mkavu, hungoji kuambiwa, unapanda. Sauti yake ilikuwa ileile ya kufundishia mawe. Moyoni hakusikia kitu, kama mguu uliokaliwa vibaya ukafa ganzi.

"Mwalimu, tunakuwa na dakika ngapi?" aliuliza Losivale, binti wa mchungaji.

"Siku ile zilikuwa kama kumi, tangu ardhi iache kutikisika."

"Na kutoka ufukweni hadi kule juu kwenye magimbi?"

Vaosa hakujua. Akachukua saa, akawatoa nje.

Waliokimbia peke yao walifika kwa dakika sita. Tofi, mvulana mkubwa kuliko wote darasani, alisema hiyo haikuwa hesabu.

"Bibi yangu hakimbii, Mwalimu. Akienda chooni tu anapumzika mara mbili."

"Si umbebe," Losivale akasema. "Mwili wote huo wa nini?"

"Haya, panda wewe mgongoni tuone. Na shelisheli zako zote ulizokula."

Wakacheka. Waliporudi ufukweni Losivale akapanda mgongoni, na Vaosa akabonyeza saa.

Njia ilizunguka ukuta wa kanisa kabla ya kupanda. Tofi aliteleza kwenye mawe, akasimama mara mbili kuvuta pumzi, lakini hakumshusha. Alipofika juu zilikuwa dakika kumi na nne.

Vicheko vikakatika. Mmoja baada ya mwingine watoto walimtazama mwalimu wao, kisha wakainamisha macho. Elekana alipatikana chini ya ukuta ule, mama yake akiwa bado amefungwa mgongoni mwake kwa shuka.

Kwa miaka mitatu Vaosa alikuwa akimlaumu kimyakimya. Alidhani alichelewa kutoka, alirudia nyavu, alizubaa. Sasa aliona kwamba hata angetoka pale pale, asingefika. Akasubiri machozi. Hayakuja.

"Andikeni," akasema. "Kumi na nne."

Ni Losivale aliyeuliza kwa nini wasikate njia nyuma ya kanisa, inyooke.

"Ardhi ile ni ya ukoo wa Mzee Tuala," Vaosa alisema. "Kamwombeni. Mpelekeeni na namba zenu."

Wakaenda, na karatasi yao. Mzee Tuala aliisoma mara mbili, na Jumamosi mbili zilizofuata wanaume wa kijiji walikuwa pale na masururu, wakichonga ngazi.

Siku ya kuijaribu, Tofi alimbeba bibi yake mwenyewe.

"Taratibu, we mtoto. Mimi si gunia la nazi."

"Bibi, tulia basi, unaninyonga."

Dakika nane na nusu. Watu wakapiga makofi. Mke wa mchungaji akamkumbatia Vaosa, naye akasimama tu mpaka akaachiwa.

Wengine waliposhuka, bibi alikataa kubebwa tena kabla jua halijapoa. Vaosa akabaki naye, kwa kuwa nyumbani hakuna aliyekuwa akimngoja. Bibi akamshika mkono.

"Una mkono wa baridi, mwanangu."

"Ndiyo, Bibi."

"Na jua lote hili."

"Ndiyo," Vaosa alisema, akauacha mkono wake pale pale.