Risasi Haitaki Maneno

Usiku wa jana niliota nimekaa ofisini kwa bwana nyama, yule wa kulinda wanyamapori, nayeyusha risasi kwenye sufuria ya maharage. Yeye kasema zake za serikali hazijafika. Mwaka juzi alisema hivyohivyo, tembo akamuua mke wangu Somoe shambani.

Dirishani namwona Somoe yuko hai, analima. Tembo yuko kwenye benchi, anasubiri zamu.

"Mzee Ngaunje, bado?" ananiuliza.

"Bado. Nataka inayolenga sawasawa."

"Haya. Lakini jua likivuka kizingiti namwendea mkeo. Usinichukie."

Bastola iko mezani, kubwa, mdomo wake unameza kidole gumba. Ina gubu kama mama mkwe.

"Mimi silishwi ovyo," inasema. "Inayonipwaya inapepesuka njiani. Yenye hewa ndani ndiyo kabisa, inakwenda inakotaka yenyewe."

Namimina kwenye kalibu, inapoa, naiweka mizanini. Nyepesi. Naipasua. Ndani kuna tundu, na tunduni sauti ya bwana nyama inasema, "Tunalishughulikia."

Nairudisha sufuriani. Namimina nyingine. "Tuko kwenye mchakato." Nyingine tena. "Wananchi wawe watulivu."

"Bwana mkubwa," namwambia bwana nyama kitini kwake, "nyamaza kidogo. Maneno yako yanaingia kwenye risasi."

"Mzee, suala la kunyamaza lina utaratibu wake."

Jua likavuka. Tembo akasimama, akajipangusa suruali. Hapo ofisi ikawa shamba, wala hakuna aliyetoka mlangoni. Sufuria ikabaki juu ya tuta.

Somoe akaweka jembe chini, akachomoa muhogo kwenye majivu, unafuka moshi, akamshindilia bwana nyama mdomoni.

"Kula, mwanangu," akasema. "Utasema ukimeza."

Kimya. Nikamimina. Mizani ikalala. Nikaipaka nta, nikaikaza kwenye ganda lenye baruti. Bastola ikaionja, ikasema, "Hii sasa." Nikafyatua.

Tembo akajitazama kifuani. "Katikati kabisa," akasema, akaenda kulala nje ya mpaka wa shamba.

"Muhogo mmoja tu, baba Shani," Somoe akaniambia, akaokota jembe lake. "Na nyie mkawa mnaomba vikao."

Nikaamka. Asubuhi hii bwana nyama kapita na pikipiki. Nimemsalimia, kapunga mkono tu. Mwenzake aliyempakia ndiye aliyejibu.

"Msamehe, mzee. Kaamka ulimi umebabuka, na jana kalala bila kula."

Sikungoja amalize. Nilikuwa nimeshaanza kukimbia kwenda shambani, na magoti yangu haya.