Ukoo wa Fundi Redio

Mshonaji alikuwa akigeuza kola ya shati la shule pale jirani alipomtania kuhusu kiuno chake. Akacheka. Kikatoka kicheko chembamba cha usichana wake, ambacho hata yeye alishakisahau. Akaondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani.

Zaidi ya miaka ishirini alikuwa akicheka kicheko kizito cha kiume. Alikipata hospitali, pamoja na chupa mbili za damu, alipomzaa binti yake. Alilala mshonaji, akaamka mshonaji anayejua redio. Kabla hajamnyonyesha mtoto aliomba bisibisi, akaitengeneza redio ya wodini iliyokuwa bubu tangu mvua za mwaka uliopita. Muuguzi alisema hiyo hutokea, akampa vidonge vya kuongeza damu. Mumewe naye hakuona tatizo. "Nimeoa mke, nikapewa na fundi juu," alikuwa akiwaambia watu. "Nyongeza nani anaikataa?"

"Jamaa amefariki," mshonaji akamwambia jioni ile.

"Pole. Jamaa gani?"

"Simjui. Kicheko chake kimeniacha. Nataka kujua amekufa na nini."

"Ya nini kuchokonoa vya watu?"

"Vya watu vipi, baba watoto? Damu yake ninayo mimi."

Kesho yake alivaa viatu akaiachia miguu. Miguu ilikata sokoni, ikapita nyuma ya kiwanda cha sabuni, ikasimama kwenye nyumba yenye viti vya kukodi uani. Ndani, mjane alimtazama alivyoinamisha kichwa kuisikiliza redio ya rafuni, ambayo ilikuwa imezimwa.

"Umeongezewa damu yake," mjane akasema.

"Ndiyo. Pole sana."

"Basi wewe ni wifi yangu. Karibu, wifi. Usikae hapo, hapo ni pa shemeji."

Shemeji alikuwa mwokaji mikate, unga bado kwenye nyusi. Alikuwepo pia refa wa mpira na mwalimu mkuu mstaafu. Wote waliongezewa damu ileile, wote walijua redio, na damu zao zilipatana papo hapo, zingeachaje? Marehemu, fundi redio, alikuwa hapitwi na gari la kuchangia damu. Alisema damu ni kama kisima, usipochota haipandi. Mshonaji alimpenda mtu huyo, na ilimuuma kwamba hakuwahi kumsalimia.

"Alikufa na nini?" akauliza.

"Ini," mjane akasema. "Saratani. Daktari alinieleza, nikamwambia, taratibu baba, mimi si wa huko. Kuna virusi, homa ya ini aina ya C. Vinaingia kwa damu, vinakaa kimya miaka nenda miaka rudi, vinalitia ini makovu. Kovu juu ya kovu, mpaka linakuwa gumu kama soli. Saratani inaota humo. Mume wangu hakuwahi kuumwa, mpaka siku alipoumwa."

Wageni wote wanne walitikisa vichwa pamoja. Redio haifi siku inayozimika. Kapasita, kile kikopo kidogo cha ndani, imeanza kuvuja zamani, na redio inaimba tu.

"Alivipata wapi?"

"Sindano ya zamani, wembe, nani ajuaye. Dawa ipo. Vidonge vya miezi michache, virusi kwisha. Lakini uwahi, uvimbe ukishaota ni habari nyingine. Yeye hakuwahi." Mjane alimshika mkono. "Kapimeni, wifi. Nimezika mmoja, sitaki kuzika ukoo."

Mshonaji aliogopa, na hakuficha.

Walianzia hospitali ileile. Kijana wa maabara, mpole mwenye adabu zake, aliwaambia kipimo hicho hawana.

"Na damu mnayowapa watu?" mshonaji akauliza.

"Tunaipima magonjwa mengine, mama. Hicho kipimo kimeagizwa."

"Lini?"

"Kimeagizwa."

"Na wengine waliopewa damu ya marehemu, mtawaita?"

Kijana alifikiri kwa dhati. "Hakuna aliyelalamika," akasema. "Wengi wanashukuru. Hapa kwetu hatujawahi kuita fundi redio."

Wakapanda basi hadi hospitali kubwa, wakigawana mikate ya shemeji. Wote wanne walikuwa na virusi. Ini la mshonaji lilikuwa na makovu, uvimbe hapana. Alipewa vidonge, na refa na mwalimu vilevile. Mwokaji mikate aliitwa tena ndani, mlango ukafungwa. Alipotoka, macho yake yalikuwa ya manjano, na hapo ndipo wote walipogundua kwamba manjano hayo si ya jana.

"Mimi na wewe tuliongezewa mwezi uleule," akamwambia mshonaji. "Chupa za mtu yuleyule. Kwa nini mimi?"

Mshonaji alilia mpaka basi lilipofika.

Walimzika mwokaji kabla mshonaji hajamaliza vidonge vyake. Walikuwa bado wamekaa kwa mjane na nguo za mazishi pale gari la kuchangia damu liliposimama nje, kipaza sauti chake kikikoroma. Dereva akachungulia.

"Hodi jamani. Naambiwa hapa kuna mafundi."

"Siku hizi mnaipima damu ile homa ya ini?" mshonaji akauliza.

"Kipimo kimeagizwa, mama."

Hakutaka kuinuka. Alimtazama mjane, na mjane akatazama chini. Lakini mikono haikumsubiri. Ilikuwa imeshachukua bisibisi. Waya mmoja tu ulikuwa umeachia. Refa akashika taa, mwalimu akalehemu. Sauti ikatoka safi, ikafika mpaka mtaa wa nyuma, ikiwaomba wenye roho nzuri waje kuchangia damu. Milango ikaanza kufunguka, na wenye roho nzuri wakatoka, mmoja mmoja, wakikunja mikono ya mashati.