Sura Ambayo Mjomba Hakuisoma

Simu ilikuwa imesimamishwa ndani ya kikombe cha bati, juu ya rafu ya sabuni, na fidla za watu waliokufa zamani zilisikika kana kwamba zinapigwa chini kisimani. Wanawake wa chumba cha kupigia pasi walikuwa wakingoja muziki huo uishe. Ukiisha, Mjomba huanza kusoma.

"Leo mbona anajivuta?" aliuliza Mama Pacha, pasi ikipumua mvuke mkononi mwake. "Au kasafiri?"

"Nauli aitoe wapi, na kazi yenyewe ya bure?" alijibu mwenzake, wakacheka.

Binti waliyemwita Kimya hakucheka. Simu ilikuwa yake, na ni yeye peke yake aliyejua kwamba Mjomba hatakuja.

Tovuti anakosomea Mjomba aliipata kwa bahati, akitafuta muziki usiokatizwa na matangazo. Akakuta ghala zima la muziki wa kale na vitabu vya kale, vyote bure, na watu wa kujitolea wakivisoma kwa sauti. Mwanzoni aliogopa hata kubonyeza. Vitu vizuri namna hii, mlango wazi, bila mlinzi? Kila simu ilipoita alidhani ni mwenye mali. Mama Pacha aliziita zile fidla muziki wa matajiri wenye njaa, lakini mashuka yalikunjika vizuri kwa mwendo wake, basi zikaachwa.

Kisha ikaja hadithi ya mwashi. Iliandikwa kwenye vigae vya udongo, katika nchi iliyokwisha kufutika, kabla karatasi haijajulikana. Mfalme alimwita mwashi ajenge ukuta, akamwahidi kwamba ukiisha atarudi kwa mkewe. Lakini kila ukuta ulipokaribia kuisha, mfalme aliupanua mji. Msomaji alikuwa mwanamume mwenye sauti ya kukwaruza. Jina lake halikuandikwa, wanawake wakampa ujomba. Akikohoa, chumba kizima kilimpa pole.

Asubuhi hiyo Kimya alikuwa ameifungua sura ya mwisho mapema. Maneno yalikuwepo. Sauti haikuwepo. Chini paliandikwa kwamba sura hii bado haijapata msomaji.

Siku nyingine angesema tu, wakangoja. Lakini kesho Shangazi analazwa. Uvimbe ulio tumboni mwake utatolewa, na daktari hakumwahidi kitu. Shangazi ndiye aliyemlea Kimya na kumwingiza kazini hapo. Hakujua kusoma. Mumewe alikwenda zamani kujenga bwawa na hajarudi; shati lake jeupe Shangazi bado hulipiga pasi na kulitundika.

Fidla zilinyamaza.

"Haya, Mjomba," alisema Shangazi. Alikuwa ameshika ncha mbili za shuka, Kimya ameshika mbili nyingine. "Nataka nijue tu kama huyo mjinga anafika kwake. Nisiende kule na jambo kichwani."

"Shangazi, hajaisoma."

"Hajaisoma vipi?"

"Sura ipo. Yeye ndiye hayupo."

Pasi zilisimama. "Amefiwa, huyo," alisema mmoja. "Au kile kikohozi," alisema mwingine. "Nilisema mimi kile kikohozi si cha kawaida."

Kimya aliziachia ncha zake, akaitoa simu kikombeni na kumnyooshea Mama Pacha. "Tusomee wewe."

"Mimi? Na herufi hizo za kunguni? Thubutu! Simu yako, soma wewe."

Kimya aliirudisha simu kifuani. Mara ya mwisho kusoma mbele za watu alikuwa darasani, amesimamishwa. Neno lilimkwama kooni, darasa likaangua kicheko. Mwaka huo huo aliacha shule. Nyuma ya sauti ya Mjomba, miezi yote hii, alikuwa akiyafuata maneno kwa macho, midomo ikicheza bila kutoa kitu. Hakuna aliyejua.

Shangazi hakumhimiza. Aliliweka shuka mezani, akaketi juu ya kapu la nguo chafu, mkono tumboni.

Kimya akaanza. Neno la kwanza lilitoka kama mtu anayeomba radhi. La pili lilimkwama, akalirudia. Akangoja kicheko, akasikia mvuke tu. Akasoma jinsi mfalme alivyokufa, na jinsi mwashi alivyoweka mwiko chini na kuondoka bila kuaga. Akasoma njia, vumbi, mto uliokauka. Mwashi akaiona nyumba. Moshi ulikuwa ukitoka, au ukungu. Akaweka mkono kwenye komeo.

Hapo Kimya akaona nukta, mstari mzima, na chini yake maelezo mafupi. Angeweza kumfungulia mwashi mlango. Nani angejua? Maneno yalikwisha kumfika mdomoni: mke, maji ya kunawa, mkeka. Akamtazama Shangazi, akayameza.

"Kigae kimevunjika hapa," alisema. "Wameandika kwamba kilichobaki hakijapatikana."

"Kimevunjika?" Mama Pacha alipiga meza. "Miaka yote hiyo, kikavunjike hapo?"

Kimya alijuta kusema kweli.

"Mkono uko wapi?" aliuliza Shangazi.

"Kwenye komeo."

"Hajauondoa?"

Kimya aliangalia tena, kwa makini, asije akakosea. "Hajauondoa."

Shangazi aliinuka polepole, akaokota ncha zake za shuka na kumwonyesha Kimya nyingine kwa macho. Kimya akaibana simu kwapani, wakarudi nyuma kila mmoja upande wake, wakalivuta likanyooka katikati yao.

"Weka simu mahali unapoiona," alisema. "Anza pale anapoiona nyumba. Na toa sauti, mwanangu, kule mwisho wa chumba hawasikii."

Kimya alizikusanya ncha zake katika mkono mmoja, akaisimamisha simu kwenye kikombe. Akavuta pumzi na, akianza kusoma, akapiga hatua kumwelekea Shangazi, naye Shangazi akija.