Kilichomo Koponi

Mgeni aliingia bila hodi. Mikono yangu yote miwili ilikuwa ndooni, naopoa ute kutoka kwenye spiriti. Ulikuwa umeshikana nyuzinyuzi, mweupe kama pamba iliyolowa.

"Ndiwe mwenye krimu?" aliuliza huku ameziba pua. Alikuwa mnunuzi wa maduka ya vipodozi. Alikuwa ameijaribu kwa rafiki yake, niliyempa kidogo ya majaribio, na sasa alitaka makopo mia tatu kila mwezi.

Shangazi, mwenye nyumba na chumba hiki cha uani, alikuja mbio na kiti. Miezi minane alikuwa akinivumilia. "Miaka minne chuoni," alizoea kuwaambia majirani, "kumbe alikuwa anasomea kufuga makamasi!"

"Haya, siri yake nini?" mgeni aliniuliza.

"Bakteria, dada. Nawalisha maji ya sukari, nao wanatoa ute wa kujikinga wasikauke. Nawachemsha wafe, nautenga ute kwa spiriti, naukausha, nausaga. Ukijipaka, unashika maji juu ya ngozi."

Uso ukamshuka. "Usiliseme tena hilo neno. Kwenye lebo andika utomvu wa maua."

"Hakuna hata ua moja humu."

"Nani atajua? Biashara matangazo, mdogo wangu."

Ningejua mimi. Angejua na dobi wa nyumba ya pili. Mwaka uliopita, krimu iliyoandikwa "asili tupu" ilimbabua mikono. Daktari alipomuuliza ilikuwa na nini, hakujua, maana kopo halikuonyesha. Mimi nilimwahidi kopo langu la kwanza, Ijumaa, kabla hajawasha pasi, likiwa limeandikwa kila kilichomo. Na siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Mgeni alikuwa ameshalishika kopo lenyewe, la pekee lililokuwa tayari. "Hili naenda nalo kwa wakubwa leo hii. Lebo tutaibandika sisi."

"Lina mwenyewe. Dobi."

"Dobi angoje!"

"Mikono yake imengoja vya kutosha." Nikalitoa kiganjani mwake.

Shangazi alinivuta pembeni. "Mwanangu, paa linavuja."

"Najua. Ulinisomesha nije kuwaficha watu wanachojipaka?"

Aliniachia mkono. Kisha akamwendea mgeni. "Mwenzangu, kizuri chajiuza. Kibaya ndicho kinachojitembeza." Mgeni akasimama kwa hasira, na Shangazi akakiondoa kiti.

Niliandika kwa kalamu, herufi kubwa: maji, mafuta ya alizeti, nta, dawa ya kuzuia ukungu, UTE WA BAKTERIA. Nikakimbia.

Pasi ilikuwa bado baridi. Dobi alisoma kwa kidole, neno baada ya neno, akakwama kwenye la mwisho.

"Wazima hawa?"

"Wamekufa. Umebaki ute wao."

"Maskini! Na mali yao tunairithi sisi." Akacheka, akapaka kidogo nyuma ya kiganja, tuone kwanza kama ngozi itakubali.

Barabarani, gari la mnunuzi lilipita bila kupunguza mwendo. Sote wawili tulikuwa tunautazama mkono.