Tishu Isiyoacha Doa

Jumamosi asubuhi Gladness alisimama mbele ya rafu ya duka la Mzee Haroub, akabinya maroli ya tishu za jikoni kwa dole gumba kama mtu anayechagua maparachichi. Lile nene lenye picha ya maua lilikuwa danganya toto: ndani bomba kubwa, nje karatasi za kuzugia. La bei chee lilikuwa jembamba, likiona maji linageuka uji. La kati, lenye vishimo vishimo, lilikuwa zito kuliko lilivyoonekana. Mwaka wa kwanza wa ndoa yake lilimfuta pua, midomo na sakafu, na halikuwahi kuchanika.

Siku hizi wala hakulihitaji. Alifuata chumvi, mkono ukaenda wenyewe.

Mambo yalibadilika wakati wa masika. Mumewe, Stanley, fundi fanicha hapo hapo Keko, alirudi na mguu wa stuli uliokuwa umemsumbua kutwa kwa kukataa kuingia kwenye tundu lake. Akakuta ugali umepoa. Alimpiga Gladness mdomoni kwa ule mguu, akarudia, kisha akambamiza uso kwenye kona ya kabati. Gladness aliona nyota, zote alizopangiwa. Lakini midomo haikupasuka. Damu ilitokea upande wa pili, kwenye ukuta wa Mwalimu Deogratias, mpangaji mwenzao, ikashuka taratibu juu ya madaftari ya kidato cha pili aliyokuwa akisahihisha. Mwalimu akayasogeza, akachukua kalamu ya kijani, maana nyekundu ilikuwa imeshatosha.

Wiki hiyo hiyo ikatokea kwa Bi Farida, chumba cha upande wa kulia, ikalowesha vitambaa vyake vyeupe vya makochi. Kisha dukani mbele, ikadondokea gunia la sukari. Mzee Haroub, ambaye duka lake na nyumba ya kupanga yake, akapaka ukuta rangi ya mafuta. Damu ikatoka juu ya rangi, iking'aa zaidi. Hakuna aliyeuliza ni ya nani. Stanley akianza tu, nyumba nzima ilikuwa inaongeza sauti ya redio, kwa heshima.

Gladness alikwenda kituoni, kwenye dawati la jinsia. Afande alimgeuza mbele na nyuma, akamuuliza ngozi laini hivyo anapaka mafuta gani. Alete jeraha, au shahidi, au basi hata doa. Mbavu zilimlia kila alipovuta pumzi, ila afande alisema mlio hauandikiki.

Tangu hapo Gladness alitaka kitu kimoja tu: mtu agonge mlango.

Wapangaji nao walikuwa na yao. Madekio ya kufutia damu yalinuka, yakaleta nzi, wakahamia kwenye tishu, na tishu zikaleta ubishi. Bi Farida alitetea roli la maua. Mwalimu, mtu wa vipimo, alisubiri Stanley aanze, akabandika kipande cha kila roli ukutani, akalinganisha. Wakafungua kundi la WhatsApp, wakaliita Usafi wa Ukuta. Stanley naye alikuwemo, si mpangaji mwenzao? Akaweka dole gumba.

Jumapili jioni kisa kilikuwa chumvi kuzidi. Stanley aliushika tena mguu wa stuli. Mkono wa kushoto wa Gladness ulivunjika kwa mlio wa fito kavu. Akaangushwa, akapigwa mateke ya tumbo, na kisigino kilikuwa juu ya shingo yake viatu viliposikika kwenye korido, jozi nyingi. Mlango ukagongwa.

"Hodi humu."

Stanley akafungua, silaha mkononi. "Karibuni. Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Mzee Haroub aliingia, Mwalimu na Bi Farida nyuma yake. Gladness akajikokota, akaegemea kabati. Midomo yake ilikuwa mizima, kwa hiyo alitabasamu.

"Sie hatujaja kuingilia ya ndani mwenu," mzee alisema. "Tunataka tuchukue katoni nzima ya tishu kwa bei ya jumla, tugawane. Sasa tumebishana mpaka basi. Tukaona tumuulize huyu mama, yeye kazitumia kabla yetu."

Gladness aliwatazama mmoja mmoja. Akafikiria lile doa alilotakiwa na afande alete.

"Chukueni lile jembamba," alisema. "La bei chee."

Mwalimu akakohoa. "Hilo nimelipima, shemeji. Linaacha doa."

"Ndiyo."

Bi Farida aliutazama mkono ulivyopinda, kisha akazitazama kucha zake.

"Tunataka lisiloacha doa, mwanangu," Mzee Haroub alisema kwa upole.

Stanley ndiye aliyemaliza ubishi. Alisema lenye vishimo ndilo lenyewe, lilimfuta mke wake mwaka mzima na halikuchanika. Wote wakaafiki, mwenye uzoefu keshasema. Akatoa mchango, wa kwake na wa mkewe. Wageni wakashukuru, Bi Farida akamtakia Gladness jioni njema, na Mwalimu akauvuta mlango taratibu usije ukabamiza.

Hatua zikatawanyika. Kisha Gladness akasikia, kupitia kuta, tishu zikichanwa: kraa, kwa Mwalimu, kraa, kwa Bi Farida, kraa, kule dukani. Baada ya hapo kikawa kimya cha watu waliojiandaa. Redio zikapanda.

Stanley aliwasubiri wote wamalize, maana ni jirani mwema. Ndipo akauinua mguu wa stuli.