Zamu ya Mwisho

Rohini alikuja mlangoni kwangu mchana wa jua kali, amevaa sari ya kutokea, mikononi amebeba fungu la majani ya tambuu. Mimi ni fundi cherehani. Majani hayo huwapelekea wakubwa zetu, walimu na watawa, nasi huwa tumeinama; haijapata kutokea mke wa mkubwa wa benki akaniletea mimi, tena kwa mikono miwili, mbele ya jirani aliyekuwa akianika nguo. Nikayapokea kabla sijauliza ana haja gani. Kwetu ukishayapokea umekubali, kilichobaki ni kuambiwa umekubali nini.

"Kusuma, mdogo wangu," akasema, "nasikia kura ya upatu imekuangukia zamu ya kwanza."

"Ndiyo, dada. Bahati tu."

"Mimi nimepata ya mwisho. Na mwanangu anakwenda kusoma Australia, ada wanaitaka sasa hivi, tena kwa dola. Tubadilishane basi. Pesa ni ile ile, utachelewa tu kidogo."

Tulikuwa watu ishirini katika upatu ule, na kila mwezi mmoja wetu alipokea fungu zima kutoka kwa Violet, kijumbe wetu. Fungu langu nilikuwa nimeshalitumia kichwani: cherehani ya umeme, kama ile niliyoishonea miaka kiwandani, na chenji ya kununulia nyuzi. Nilitaka kuacha kukanyaga. Zaidi ya hapo nilitaka kushona bila mtu kusimama nyuma ya kiti changu, lakini hilo sikumwambia mtu. Sasa majani yalikuwa mikononi mwangu, na kusema kweli kichwa kilikuwa kimenivimba.

Piyasena, mume wangu, alicheka mpaka akapaliwa na chai.

"Umeuza zamu kwa majani?"

"Sijauza. Nimemsitiri mtu."

"Haya, mama mfadhili. Endelea kukanyaga, angalau miguu itanenepa."

"Cheka tu. Yeye kuanzia mwezi ujao atakuwa analipa deni, mimi nitakuwa naweka akiba."

Nililiamini neno hilo. Nililelewa kuamini kwamba anayesubiri hapungukiwi na kitu, na nilijiona bora kuliko Rohini kwa kuweza kungoja.

Mwaka uliotangulia serikali ilikuwa imepunguza kodi, na mtaa mzima ukashangilia. Mshahara wa mume wa Rohini ukanenepa, wakaongeza ghorofa. Kipato changu hakikuwahi kuifikia kodi ile, kwa hiyo mimi nilishangilia kwa niaba ya wenzangu. Hazina ilipokauka, benki kuu ikawa inachapa noti. Haya nilikuja kuyaelewa baadaye kwenye foleni ya gesi, ambako kila mtu aligeuka mchumi. Wakati ule niliona tu maziwa ya unga yakipotea dukani, kisha yakirudi na bei ya kutisha. Halafu siku moja rupia ikaachiwa ijitafutie bei yenyewe sokoni, na ndani ya wiki chache thamani yake ikaanguka karibu nusu.

Tuliendelea kuchanga. Rohini hakuchelewa hata mara moja. Alimtuma dereva na bahasha, na ndani yake mlikuwa na kiasi tulichokubaliana, bila kupungua rupia. Hakuniibia. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba hasira yangu haina pa kwenda. Mimi nami niliendelea kushona sare za shule kwa bei ya zamani, maana mama anayekuletea mtoto umpime huku amekamata sarafu zake kwenye ncha ya sari, utamwongezea bei kwa mdomo gani?

Zamu yangu ilipofika, tulikutana barazani kwa Violet, tukanywa chai isiyo na sukari. Walinipigia makofi. Violet akanikumbatia na kusema mimi ndiye mwenye moyo kuliko wote. Nikatoka hapo moja kwa moja hadi dukani kwa Bwana Nizam, muuza cherehani.

Aliitazama bahasha, akanitazama mimi, akawa mpole. Upole wake ndio ulionitisha.

"Mama, umekuja na bei ya mwaka juzi."

"Ndiyo bei uliyonitajia wewe mwenyewe."

"Nilikutajia, sikatai. Ila mzigo unaingia kwa dola, na kodi nayo wameirudisha. Kwa hizi naweza kukupa meza yake."

"Meza bila cherehani?"

"Si utalia chakula." Kisha akaona uso wangu, akajuta. "Samahani, mama. Jaribu benki, wakukopeshe iliyobaki."

Benki, ofisa kijana akanieleza kwamba riba imepandishwa ili kuituliza rupia. Ni dawa, akasema, chungu lakini inatibu. Nikamuuliza mbona ameugua mwingine na anayenyweshwa ni mimi. Akatazama saa.

Fungu likaliwa. Kazi za ujenzi zilisimama na Piyasena akakaa nyumbani, kwa hiyo tulilila kwa wali, kwa gesi, kwa dawa za mama yake.

Mwana wa Rohini alikuwa amepata ufadhili, na zile dola alizonunua kwa fungu la kwanza hazikuguswa. Rupia ilipoanguka, thamani yake kwa rupia ikawa karibu mara mbili. Sehemu aliiweka benki, ikawa inazaa kwa riba ile ile iliyonifukuza mimi mlangoni. Kwa iliyobaki alinunua cherehani sita za umeme, akazipanga kwenye gereji yake, akanipigia simu mwenyewe.

"Nimekufikiria wewe kwanza, mdogo wangu. Mashuka na foronya za hoteli. Umeme ukikatika, jenereta ipo."

Nilitaka kumtukana, na matusi ninayo. Nikamtafutia kosa, nikalikosa. "Utakwenda?" Piyasena akaniuliza. Safari hii hakucheka.

Nikaenda. Cherehani ilikuwa mpya, bado inanuka mafuta. Nikagusa pedali kidogo tu, ikakimbia, na mshono ukanyooka kama uliopigwa rula. Mikono yangu ilifurahi kabla sijaikataza. Nikaichukia. Rohini alikuwa amesimama nyuma ya kiti.

"Inakwendaje?"

"Vizuri, madamu."

"Violet anaanza upatu mwingine mwezi ujao. Nimeshamwambia, zamu ya kwanza akupe wewe. Haki yako."

"Mchango wa sasa siuwezi."

Akaniwekea mkono begani, mkono mwepesi, wa mtu anayenitakia mema.

"Usijali. Nitakuwa nakukata kwenye mshahara."

Nikavuta shuka lingine.