Mwaliko wa Pili

Mwanga wa Guanajuato, mji wa mabondeni kule Meksiko, huamka juu. Hunawa uso kwenye matangi ya maji yaliyo mapaani, kisha hushuka bondeni kwa ngazi, taratibu, kama sisi wengine. Nyumba ya waridi, nyumba ya manjano, nyumba ya samawati. Ni mwanga wenye adabu. Hufika dirishani, husimama kizingitini, husubiri. Ukifika dirisha la Nereida ni saa nne kamili, na maharage yameshaiva.

Dirisha la Nereida, tunasema. Hiyo "la" tuisamehe. Dirisha lilikuwa lake kama jina linavyobaki la marehemu.

Nereida alirudi Julai kutoka shule ya bweni ya masista kule León. Alikuwa na miaka kumi na sita, sanduku moja, na cheti cha tabia njema chenye saini za masista watatu waliokuwa wakimwombea safari salama isiyo na marejeo. Miaka mitatu alilala kitanda namba kumi na tisa, akisoma dari. Miaka mitatu alikiota chumba kimoja: ufa wa ukutani wenye umbo la punda, sakafu ya vigae vyekundu, mwanga wa saa nne. Mama yake, doña Cuca, alimwahidi kwa mkono juu ya msalaba kwamba akimaliza atarudi chumbani kwake, asome hapahapa mjini, basi.

Chumbani kwake alimkuta Signe.

Signe alitoka Denmaki, peke yake, na begi la mgongoni refu kuliko nia yake. Alikuja kujifunza Kihispania kwa wiki mbili, akapangiwa kulala kwa familia kama walalavyo wageni wa shule ile ya lugha. Wiki mbili zikazaa mwezi. Mwezi ukazaa mitano. Naye alikuwa mpole, na hilo ndilo lililoudhi. Mtu akikudhulumu kwa jeuri, unajua pa kumpiga. Akikudhulumu huku anakuoshea sahani, utampiga wapi?

Nereida akatandikiwa kitanda cha kukunja katika chumba cha kupigia pasi. Akalala kati ya mashuka ya Signe na soksi za Signe, zimekunjwa mbilimbili, kwa mkono ule ule wa mama uliowahi kumsuka yeye nywele.

Watu wa mji ule hawana nyumba zao. Muulize yeyote anakaa wapi, atakuambia: nyumba yako iko kichochoro fulani, mlango wa kijani. Nyumba yako, maana yake nyumba yangu. Hapa ni kwako, maana yake keti kidogo. Mwenye masikio anajua wimbo huo: ukialikwa, unashukuru na kukataa. Ukialikwa tena, unakataa, ila kwa sauti ya chini. Mara ya tatu unavuta kiti. Mwaliko wa kwanza ni wa mdomo. Wa pili ndio wa moyo.

Signe hakuwa na masikio hayo. Siku yake ya kwanza doña Cuca alimwambia leo tunakula nyumbani kwako, na binti wa watu, akidhani ndiye mwenyeji wa kupika, akatoka mbio kutafuta mayai. Tangu hapo alijifunza neno moja tu, kukubali. Uji? Ndiyo. Tortila nyingine? Ndiyo. Kaa mwezi mwingine, hapa ni kwako? Ndiyo, mama.

Mama. Alilitamka vizuri. Tatizo ni kwamba alilitamka vizuri.

Jumatatu ilikuwa siku ya Signe kuondoka au kuongeza muda. Jumamosi iliyotangulia Nereida alimkuta juu ya paa akianika nguo, akashika ncha ya pili ya shuka kwa unyenyekevu wa sanamu ya mtakatifu.

"Dada, nikuambie kitu ambacho hawakufundishi darasani?"

"Niambie."

"Huku mtu hakubali mara ya kwanza. Mara ya kwanza anakubali mbwa."

Signe akageuka mwekundu hadi shingoni. "Miezi mitano yote hii?"

"Miezi mitano. Majirani wamevumilia sana."

"Sasa nifanyeje?"

"Kataa. Mama akikualika, wewe kataa."

Signe akaliandika daftarini, akalipigia mstari. Na Nereida akashuka ngazi akiimba, maana aliliona begi lile refu likishuka nyuma yake.

Jumapili mchana, supu ikifuka mezani, doña Cuca alisema kama alivyosema kila mwezi, "Kaa mpaka Krismasi, binti yangu. Hapa ni kwako."

"Hapana, mama," Signe akasema. "Sitaki kukusumbua."

Nereida aliinamia sahani ili uso wake usimsaliti. Kijiko cha doña Cuca kilisimama hewani. Kisha kikalazwa mezani.

"Usumbufu gani? Nani kakwambia unasumbua?"

"Hapana, mama. Kweli."

Doña Cuca akainuka. Akazunguka meza, akapita nyuma ya kiti cha Nereida bila kukigusa, akakikumbatia kile kichwa cheupe cha Signe kwenye aproni yake.

"Nakuomba basi. Nyumba hii ikiwa tupu mimi siiwezi."

Nyumba tupu. Na Nereida yumo, anatafuna.

Mara ya tatu Signe akakubali, kwa machozi, kwa adabu zote, kama mzaliwa.

Baadaye, mgeni akiwa bafuni anaosha macho, doña Cuca alifuta mikono akamgeukia bintiye kando ya jiko. "Na wewe, mwanangu? Ukitaka chumba chako, sema tu. Nitamwambia ahamie kwenye pasi."

Kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Chumba kilikuwa hapo kizima, na punda wake ukutani. Neno moja lilitosha, neno la mbwa. Lakini masista watatu walimkalia ulimini, na nyuma yao mama mwenyewe, miaka kumi na sita ya mama mwenyewe.

"Hapana, mama. Usijisumbue."

Alilisema akiwa ameinamisha macho, vizuri kuliko alivyowahi kulisema. Kisha akasubiri.

Muuza gesi alipita kichochoroni akiita. Bomba lilidondosha tone, likadondosha tone. Jibu la pili alilishika tayari, lile la sauti ya chini, na nyuma yake la tatu, lenye kilio ndani.

"Mungu akuzidishie," doña Cuca akasema, akambusu paji la uso. "Nilijua utaelewa. Umekua." Na akafunika sufuria.

Kesho yake, saa nne, Nereida alikuwa ngazini na mkate wa moto kwapani. Mwanga ukashuka. Waridi, manjano, samawati. Akiwa ndani, miaka yote, alidhani mwanga husimama kizingitini ukingoja kukaribishwa. Leo akiwa nje aliona. Hausimami. Haumwulizi mtu. Uliingia dirishani ukajitupa kitandani kwa urefu wake wote, kama usiokuwa na mama.

Akapanda ngazi zilizobaki, akafika mlangoni kwao, na mkono ukabisha hodi kabla hajauzuia.

Kutoka ndani Signe akauliza, kwa matamshi safi kabisa, "Nani?"